Tumkumbuke Mama Leakey wa Olduvai



Tarehe 9 Desemba kwetu Watanzania haihitaji maelezo. Ni siku ya bendera na gwaride, na kwa sisi wa redioni ni siku ya kupiga nyimbo za zamani tangu alfajiri. Lakini tarehe hiyo hiyo, mwaka 1996, Tanzania Bara ilipokuwa inatimiza miaka 35 ya Uhuru, huko Nairobi alifariki dunia bibi kizee wa miaka 83 ambaye sehemu kubwa ya maisha yake aliimaliza akiwa amepiga magoti katika udongo wa nchi yetu. Jina lake Mary Leakey.

Hapa Mwanza mwaka ule hatukuwa na machozi ya kuwagawia watu wa mbali. Mei 21 meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ikikaribia bandari yetu, na kwa hesabu ya Serikali watu 894 walipoteza maisha. Kwetu Mkuyuni matanga yalikuwa yanafuatana mtaa kwa mtaa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Habari ya kifo cha mtaalamu wa mambo ya kale ilipita kama gari la abiria lisilosimama kituoni, na sikumbuki mtu aliyeuliza ni nani huyo. Jioni ya leo nimeona nimrudie, kwa sababu nchi hii inamdai heshima zaidi ya ile tuliyompa, na pia kwa sababu ya watu aliowalea, ambao tumewasahau kuliko tulivyomsahau yeye.

Muulizeni yeyote aliyepita katika shule zetu: fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa lini na nani? Atawajibu usingizini: mwaka 1959, na Dk. Leakey. Ndivyo tulivyoandika katika madaftari, ndivyo tulivyojibu katika mitihani, na tulipewa vema. Sasa, yule Dk. Leakey wa madaftari, yaani Bwana Louis Leakey, mchana wa tarehe 17 Julai 1959 alikuwa kitandani kambini ana homa. Aliyekwenda kazini ni mkewe. Alichukua mbwa wake wawili, wale weupe wenye madoadoa meusi, akaenda kutazama mteremko mmoja wa korongo. Akaona kipande cha mfupa kimechungulia udongoni. Akainama, akapangusa kwa mkono, akaona meno mawili makubwa yamekaa katika taya. Akarudi kambini mbio kumwamsha mgonjwa, na mgonjwa akapona papo hapo.

Fuvu lilikuwa limevunjika vipande mamia. Waliyachekecha makifusi, wakavipanga na kuviunganisha kimoja kimoja, ndipo ikatoka sura ile ya mashavu mapana na magego makubwa tunayoiona kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Wataalamu wa Marekani walipopima majivu ya volkano yaliyolizunguka, umri ukatoka miaka milioni 1.75, wakati Bwana Leakey mwenyewe alikuwa amekisia laki sita tu. Fedha zikaja kutoka National Geographic ya Marekani, na dunia nzima ikageuza macho kuitazama Tanganyika.

Huyu bibi alikuwa nani? Alizaliwa London mwaka 1913, baba yake mchoraji wa picha za mandhari. Baba alikufa Mary akiwa na miaka 13, na tangu hapo hakuna shule iliyomweza. Alifukuzwa shule mbili za masista. Katika moja alitafuna sabuni ili povu limtoke mdomoni waone ana kifafa, na kisha akasababisha mlipuko katika maabara. Mama yake alipokwenda kuulizia nafasi Chuo Kikuu cha Oxford, akaambiwa asijisumbue. Basi binti huyo hakupata shahada hata moja kwa kusomea. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora aliourithi kwa baba, na jicho.

Waliomfundisha kazi walikuwa wanawake. Mmoja, Dorothy Liddell, alimchukua akamfundisha kuchimba huko Devon, kusini mwa Uingereza. Mwingine, Gertrude Caton-Thompson, alimpa kazi ya kuchora zana za mawe alizozichimba Misri, na ndiye aliyemkutanisha na Louis Leakey mwaka 1933. Hao walikuwa ni walezi, na katika miaka ile mwanamke kumshika mkono mwanamke mwenzake katika kazi ya namna hiyo halikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1935 alifika Olduvai kwa mara ya kwanza. Miaka 46 baadaye Oxford ile ile iliyomkataa ikamwita ije imvike joho la udaktari wa heshima, naye akaenda akavikwa.

Hapa mniruhusu nitoke kidogo njiani. Mimi ni mtu wa stashahada. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na kanuni zake za 2017, zilipoweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha mwandishi wa habari, mimi nilikuwa upande wa usalama. Lakini aliyenifundisha redio hasa, mama mmoja ambaye sasa ni marehemu, cheti hakuwa nacho. Alinifundisha kukata utepe kwa wembe na kuunga kwa gundi, na kabla ya kukata aliniamuru nisikilize pumzi ya msemaji, kwa maana ukikata katikati ya pumzi msikilizaji atajua hata kama hajui amejua nini. Siisemi vibaya sheria. Nasema tu kwamba nikisoma habari za Mama Leakey namwona yule mama yangu wa studio, na sauti yake ya ukali naisikia.

Maana Mama Leakey alikuwa mkali. Hakupenda maneno mengi, hakupenda waandishi wa habari (hilo tunamsamehe), na inasemekana alistarehe na mbwa wake kuliko na wageni. Alivuta sigara nene na jioni akanywa wiski yake. Mumewe ndiye aliyekuwa mzungumzaji, mtu wa mihadhara na nadharia kubwa kubwa. Yeye aliona nadharia ni mambo ya kupita, na kazi ya mchimbaji ni kuandika kilichopo kwa usahihi ili hata aliye na nadharia nyingine kesho apate pa kuanzia.

Na kilichopo alikiandika kweli kweli. Wengine kabla yake walichimba kama wanaotafuta almasi, unachukua jiwe zuri unaacha takataka. Yeye alifukua sakafu nzima ya zamani, akagawa eneo kwa kamba katika miraba, na kila kipande cha jiwe na kila kipande cha mfupa kikaandikwa mahali pake kilipolala. Pale alipopatikana Zinjanthropus pekee maelfu ya vipande viliwekwa kwenye ramani namna hiyo. Vile vipande vidogo vya kutupa ndivyo vilivyoonyesha mtu wa kale alikaa wapi akipasua mawe na wapi akivunja mifupa. Kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya matabaka mawili ya chini ya Olduvai wanafunzi bado wanakifungua.

Sisi wa Mkuyuni tungeweza kumwelewa upesi. Hapa kwetu milimani, katikati ya majabali, wako akina mama wanaokaa kutwa juani wakiponda kokoto. Nimewahi kukaa na mmoja wao nikiwa na kinasa sauti. Nyundo yake haipigi ovyo. Analigeuza jiwe, anatafuta upande, anapiga pembeni si katikati, na jiwe linatii. Nilimwuliza amejifunza wapi, akacheka, akasema jiwe lenyewe linakuambia. Sasa chukua jiwe la kupigia, jiwe la kupigwa, na kigae chenye makali kinachoruka: hiyo ndiyo karakana ya Olduvai. Mawe yetu haya makubwa hayatoi makali mazuri, ndiyo maana watu wa kale wa ukanda huu wa ziwa walitumia zaidi yale mawe meupe kama kioo. Lakini mkono ni ule ule, na Mama Leakey alitumia miaka kuusoma mkono huo katika mawe ambayo wengine waliyaona ni changarawe.

Jambo jingine dogo linalonifurahisha. Ukisoma vitabu vya sayansi kutoka nchi yoyote, mahali alipopatikana Zinjanthropus panaitwa FLK. Herufi ya mwisho ni Korongo. Ndiyo, neno letu. Mabonde madogo ya Olduvai yalipewa majina ya watu na kumaliziwa kwa neno la Kiswahili, na profesa wa Tokyo au wa Chicago leo anaandika K bila kujua anazungumza lugha ya Mkuyuni. (Olduvai lenyewe ni neno la Wamasai, oldupai, mkonge wa porini.)

Sasa nije kwa wale aliowalea.

Mwaka 1960 kijana wa Kikamba kutoka Kenya, Kamoya Kimeu, alikuja Olduvai kutafuta kazi. Alikuja kusimulia baadaye kwamba alipoambiwa ni kazi ya kuchimba mifupa alidhani wanakwenda kufukua makaburi. Kwa Waafrika wengi hilo si dogo; mfupa wa mtu haushikwishikwi. Akabaki. Akajifunza kutembea polepole na jua likiwa limeinama ili vivuli vionyeshe kilichojificha, akajifunza kutofautisha jino la nguruwe na jino la zamadamu kwa kipande kisichozidi ukucha. Mwaka 1964 aliokota taya huko Peninj, kando ya Ziwa Natron, hapa hapa Tanzania. Mwaka 1984, akiwa kiongozi wa wachimbaji wa Richard Leakey, mtoto wa Mary, aliona kipande cha fuvu magharibi ya Ziwa Turkana kikawa ndicho mwanzo wa kiunzi karibu kizima cha kijana wa miaka milioni moja na nusu. Mwaka 1985 Rais Reagan wa Marekani alimpa nishani. Kimeu alifariki Julai 2022.

Hakuwa peke yake. Peter Nzube, mwaka 1968, alipata fuvu la Homo habilis lililobanwa na udongo likawa bapa, wakaliita Twiggy kwa jina la mwanamitindo mwembamba wa Kiingereza wa siku zile. Ndibo Mbuika alipata mabaki mengine ya jamii hiyo hiyo. Edward Kandindi alipata fuvu la Ngaloba mwaka 1976. Maundu Muluila aliokota Laetoli mwaka 1974 lile taya ambalo wataalamu wa Marekani baadaye walilifanya kielelezo cha spishi nzima, kisha wakaipa spishi jina la Afar, la Ethiopia. Mama Leakey hakupendezwa hata kidogo na jambo hilo, akataka jina lake liondolewe kwenye makala yao. Taya la Tanzania, jina la Afar: mimi nami ningekasirika.

Majina haya tunayo kwa sababu yaliandikwa katika kumbukumbu za uchimbaji, aliyeona nini na siku gani. Hiyo ni sifa yake. Lakini na upande wa pili usemwe. Walioona waliandikwa, walioeleza ndio waliojulikana. Mikono ilikuwa ya Waafrika kwa miongo, na sahihi chini ya makala ilikuwa ya Wazungu. Tena mikono yenyewe ilikuwa zaidi ya Wakamba kutoka Kenya, waliozoeana na familia ya Leakey tangu mwanzo, wakati shimo lilikuwa Tanganyika. Kijana wa Karatu au wa Mwanza alichelewa sana kupata brashi mkononi. Kwa upande wetu alikuwapo marehemu Amini Mturi, aliyeongoza Idara ya Mambo ya Kale na ambaye mwaka 1973 alichimba fuvu la Ndutu, kwenye ziwa dogo la magadi karibu na Olduvai. Lakini Mturi mmoja kwa nchi nzima!

Laetoli ni kilometa kama 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1976 wageni wa Mama Leakey walikuwa wanapoteza muda wakirushiana mavi makavu ya tembo, watu wazima na elimu zao. Mmoja, Andrew Hill, akainama kukwepa akaanguka, na pale chini mbele ya pua yake akaona alama za nyayo za wanyama katika jiwe. Volkano ya Sadiman ilitema majivu, mvua ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi, wanyama wakapita, jua likakausha, majivu mengine yakafunika. Mwaka 1978 Paul Abell akaona kisigino kilichofanana na cha mtu. Wenzake hawakukubaliana. Ndibo Mbuika akapewa kufukua, akarudi na habari kwamba nyayo ziko mbili, kubwa na ndogo.

Zilipomalizika kufukuliwa mwaka 1979 ulikuwa msururu wa nyayo kama 70, mita kama 27, wa watu waliopita huko miaka milioni 3.6 iliyopita, wakitembea wima kama wewe unavyotembea kwenda sokoni Mkuyuni. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo sambamba naye, na inaonekana wa tatu alikanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa. Mama Leakey alikuwa na miaka 66 wakati ule. Yeye asiyependa kukisia, hapo alijiruhusu kidogo: aliona mahali ambapo yule mdogo kama amesita, akageuka kutazama kando, kisha akaendelea na safari. Na wenye kufikiri watu wa kale walipata kwanza akili kubwa ndipo wakasimama walifundishwa na majivu yale kwamba miguu ilitangulia, ubongo ukafuata baada ya muda mrefu sana.

Kisha nyayo zikafukiwa zisiharibike. Mizizi ya migunga ikaota juu yake na kuanza kuzipasua, hivyo miaka ya 1995 na 1996 Idara yetu ya Mambo ya Kale pamoja na Taasisi ya Getty ya Marekani wakafukua upya, wakatibu, wakafukia tena. Mama Leakey alikwenda kuziangalia mwaka 1996. Alikuwa amepoteza jicho moja tangu 1982, ameshahama Olduvai na kustaafu Nairobi, na alikuwa na miezi michache tu ya kuishi.

Kuna habari ambayo angeipenda. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki, walikuwa wanakagua Laetoli mahali palipopendekezwa kujengwa makumbusho. Wakachimba mashimo ya majaribio, wakakuta nyayo nyingine, za wapita njia wengine wawili katika majivu yale yale, mmoja wao mrefu kuliko wote waliojulikana kabla. Taarifa ilichapishwa mwaka 2016, na jina la kwanza kabisa katika orodha ya waandishi ni Masao. Tangu Ndibo Mbuika afukue zile za kwanza ilikuwa imepita miaka 38.

Wengine watasema, hayo ni ya Ngorongoro, sisi wa ziwani yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 1948, miaka 11 kabla ya Zinjanthropus, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale sana wa miaka milioni 18 hivi, katika kisiwa cha Rusinga, kwenye ziwa hili hili letu upande wa Kenya. Mwaka huo huo yeye na mumewe, pamoja na mchungaji Owen, walichapisha maelezo ya vyungu vyenye kibonyeo kitakoni vilivyookotwa pande hizo za ziwa. Leo vyungu hivyo vinaitwa vya Urewe, navyo ni alama ya wakulima na wahunzi wa kwanza kuzunguka ziwa zima, pamoja na wale wa Katuruka kule Kagera waliokuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Watafiti walipopita mkoa wetu wa Mwanza katika miaka ya 1960 wakaviokota na huku.

Kazi aliyoipenda kuliko nyingi haikuwa hata ya mifupa. Mwaka 1951 alikaa Kondoa miezi mitatu akinakili michoro ya miambani, anaweka karatasi ya kupenya mwanga juu ya jiwe na kufuatisha mstari kwa mstari, michoro ipatayo 1600. Binti wa mchoraji alikuwa nyumbani. Kitabu chake juu ya michoro hiyo kilitoka mwaka 1983, na Kondoa ikaingia katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Miamba ya ukanda huu wa ziwa nayo ina michoro, duara ndani ya duara, mistari, rangi nyekundu na nyeupe, tangu Mfangano upande wa Kenya hadi Bwanjai kwa Wahaya, na katika mkoa wetu. Mji wetu unajengwa kwa mawe na juu ya mawe. Jiwe linalopondwa leo kuwa kokoto hakuna anayelikagua kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro ya miambani iliyokuwapo kabla ya mwaka 1863, lakini sheria haipandi mlimani yenyewe.

Wewe unayenisikiliza ukiwa umekaa na nyundo yako, au unayemiliki kiwanja chenye jabali: ukiona alama za rangi chini ya mwamba, mahali mvua isipofika, usiguse kwa maji wala kwa chaki. Mwite afisa utamaduni wa wilaya aje aone. Na kama una simu yenye kamera, piga picha kabla hajaja, maana anaweza kuchelewa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya bei ya dagaa.